Usingizi Haba na Unene wa Vijana

Kijana mnene apitapo mbele ya watu, hukumu hutolewa upesi. Husemwa kuwa ni mlafi na mvivu. Wachache humwuliza analala saa ngapi.

Swali hilo si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390, wenye umri wa miaka 5 hadi 19, walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Miongoni mwao, milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia.

Mwili wa binadamu huendeshwa kwa wajumbe waitwao homoni, ambao husafiri katika damu. Leptini hutoka katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Grelini hutoka tumboni na kuamsha njaa. Kotisoli hupanda alfajiri ili kumwandaa mtu kwa kazi, kisha hushuka jioni. Insulini, itokayo katika kongosho, huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika misuli. Wajumbe hawa wote huathiriwa na usingizi.

Mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago, huko Marekani, walitangaza matokeo ya kuwalaza vijana 11 wenye afya njema kwa saa 4 tu kila usiku, kwa muda wa siku 6. Ikilinganishwa na walipolipwa usingizi wao, kasi ya miili yao kuondoa sukari katika damu ilikuwa imepungua kwa kiasi cha asilimia 40, na kotisoli ilikuwa juu nyakati za jioni. Mwaka 2004 vijana wengine 12 walilala saa 4 kwa siku mbili. Walipolinganishwa na hali yao walipopewa saa 10 za kulala, leptini ilikuwa imeshuka kwa asilimia 18, grelini imepanda kwa asilimia 28, na njaa imezidi kwa asilimia 24. Walitamani zaidi vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga.

Ikiwa hayo huwapata vijana wenye afya, je, kijana aliyekwisha kunenepa hali yake ikoje? Yeye anayo leptini tele, lakini ubongo wake umekuwa mzito wa kuisikia. Insulini yake nayo imekwisha kupungua nguvu. Aidha, mafuta ya shingoni huweza kuibana njia ya hewa alalapo. Hukoroma, pumzi hukatika, akagutuka, na jambo hilo hurudiwa mara nyingi usiku kucha. Hivyo unene huharibu usingizi, na usingizi ulioharibika huzidisha unene.

Hatusemi kwamba chakula na mazoezi havina maana. La hasha! Tunasema kwamba juhudi hizo hudhoofika pale usingizi unapodharauliwa. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba watu wazima 80 wenye uzito uliozidi, waliozoea kulala chini ya saa 6 na nusu, walichunguzwa, na baadhi yao wakashauriwa namna ya kulala zaidi. Hao waliongeza kiasi cha saa 1 na dakika 10, na ulaji wao ukawa pungufu kwa karibu kalori 270 kwa siku ukilinganishwa na wa wale wasioshauriwa, ingawa hawakuagizwa kujinyima chakula.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Mtu mzima asipungue saa 7. Askari hana budi kukesha lindoni, kwani huo ndio wajibu wake. Lakini mkuu wa zamu akumbuke kwamba aliyetoka lindo la usiku anastahili kulala kabla ya kuitwa kwenye kwata. Na askari aliye mzazi ahakikishe kwamba simu na televisheni hazimwibii mwanawe usiku. Mtoto mnene anayekoroma na kukatika pumzi apelekwe hospitali, wala asichekwe. Kumwita mlafi hakutamponya.