WAAGUZI WA MJINI: KWA NINI WATU HUWAENDEA?

Mtu apitaye karibu na vituo vya magari katika Nairobi huona matangazo madogo yaliyobandikwa kwenye nguzo za taa. Maneno yake hayatofautiani sana: mganga kutoka Tanga, au Pemba, au Kitui, hurudisha mume aliyepotea, hufichua mwizi, husaidia kesi na kazi. Chini pana nambari ya simu.

Kuagua si jambo jipya. Mundu mue wa Wakamba hutikisa kibuyu na kuhesabu mbegu zinazotoka. Wakikuyu walikuwa na mundu mugo. Na Wamijikenda wana mganga wa mburuga. Waswahili hupiga ramli, elimu iliyotoka kwa Waarabu, ambao kwao neno hilo maana yake ni mchanga. Mpiga ramli hutia nukta pasipo kuzihesabu, kisha huziondoa mbili mbili, hata ibaki moja au mbili katika kila mstari. Mistari minne hufanya umbo moja. Maumbo yote ni 16, na kila moja lina jina na maana yake.

Lakini mwaguzi wa kijijini alijulikana baba yake na shamba lake, na akisema uwongo wazee waliweza kumwuliza. Mwaguzi wa mjini ni mgeni anayesema na wageni. Hukaa katika chumba cha kupanga, akafukiza ubani na kutandika kitambaa chekundu. Siku nyingine hapati mteja hata mmoja, na kodi ya nyumba humsumbua kama inavyowasumbua majirani zake. Mganga hajigangi. Tena sheria humtazama, kwa maana Sheria ya Uchawi ya Kenya ya mwaka 1925 iliweka adhabu kwa mtu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi za kuwatisha au kuwadhuru wengine. Mambo yakiharibika, huhama usiku.

Wanaomwendea si wajinga, kama wengine wanavyodhani. Wamo makarani, wenye maduka, na akina mama waliokwisha kupeleka watoto wao hospitali. Daktari amewaambia ugonjwa ni upi. Hakuwaambia kwa nini umeingia nyumbani mwao na si kwa jirani. Mtaalamu Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Wazande wa Sudan. Ghala likiwaangukia watu, Wazande hujua vema ya kuwa mchwa wamekula nguzo. Wanalouliza ni kwa nini liliwaangukia watu wale, saa ile ile.

Swali hilo ndilo mwaguzi hulijibu. Humketisha mgeni wake, humwuliza habari za nyumbani, na kumsikiliza pasipo haraka. Mtu aliyekaa mjini miaka mingi bila mjomba wala shangazi wa kumwambia siri zake hutoka pale moyo umekuwa mwepesi. Kama mambo yangeishia hapo, hasara ingekuwa ya fedha tu.

Hatari huanza mwaguzi anapotaja mtu. Asiposema jina, husema: ni mwanamke mzee, jirani, wa upande wa baba. Mteja hulijaza jina mwenyewe, naye hurudi nalo kijijini. Mwezi wa Mei mwaka 2008, katika nchi ya Kisii, watu zaidi ya 10 waliteketezwa kwa moto wakishukiwa uchawi, na wengi wao walikuwa wazee. Katika Kilifi pia wazee wameuawa kwa shutuma za namna hiyo, na mara nyingi nyuma ya shutuma hizo pamekuwa na ugomvi wa shamba. Kijana aliyetaka ardhi hupata sababu, na aliyemtaja mzee yuko mbali mjini, wala hatafika mazishini.

Basi, mtu anaporudi kutoka mjini na jina la mchawi mdomoni, yafaa jamaa zake wamwulize kwanza: Huyo aliyekuambia anamjua bibi huyu? Na kabla hajaenda huko, yafaa wampe saa moja ya kumsikiliza, asije akaenda kuinunua kwa mgeni.