Mkuu wa somo si mshika ufunguo wa kabati tena

Na Mwandishi Wetu, Pemba

KWA miaka mingi mkuu wa somo katika skuli za sekondari kisiwani hapa alijulikana kwa ufunguo wa kabati. Aligawa vitabu na chaki, akakusanya mitihani ya muhula. Yaliyotendeka ndani ya darasa la mwenzake hayakumhusu. Hayo yalikuwa ya Mwalimu Mkuu na wakaguzi.

Kazi hiyo imebadilika. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliifanya sekondari ya miaka minne, baada ya sita ya msingi, kuwa sehemu ya elimu ya lazima. Vijana wengi zaidi, wa viwango vilivyotofautiana mno, wakabaki madarasani hadi Kidato cha Nne, ambako huwangojea mtihani wa taifa ulioandikwa kwa Kiingereza katika masomo mengi. Mwalimu Mkuu mmoja, hasa katika skuli yenye mkondo wa asubuhi na wa mchana, hawezi kulifuatilia kila somo. Hisabati inamtaka mtu wa hisabati.

Ndiyo maana mkuu wa somo sasa hutarajiwa kusoma maandalio ya wenzake, kuwatazama wanapofundisha, kuchambua majibu ya mtihani ili ajue mada iliyowashinda wanafunzi, na kumlea mwalimu mgeni.

Ugumu upo hapo kwenye kutazama. Pemba ni kisiwa kidogo. Anayekwenda kukaa nyuma ya darasa na daftari mkononi huenda akamkuta maalim aliyemsomesha yeye mwenyewe, au shemeji yake. Kumwambia mtu huyo kwamba somo halikueleweka ni jambo zito, na ni rahisi zaidi kutia saini andalio bila ya kulisoma. Njia ya busara ni mkuu wa somo kuanza yeye kutazamwa, kisha zamu igeuke. Vituo vya Walimu, kama vile vya Michakaini, Chake Chake, na Mitiulaya, Wete, husaidia pia, kwani huko hukutana walimu wa skuli mbalimbali, na kasoro ikitajwa na mtu wa mbali haiumi sana.

Lakini dhamana hii mpya haiji na muda wake. Mkuu wa somo ana vipindi vyake na marundo ya madaftari ya kusahihisha. Asipopunguziwa hata vipindi viwili kwa wiki, atawatazama wenzake saa ngapi? Na katika skuli yenye mwalimu mmoja tu wa fizikia, sijui anamwongoza nani. Mwenzake wa kushauriana naye yuko skuli nyengine, mwendo wa gari ya abiria.