Kituo Kirefu cha Safarini

Enyi vijana, mnapowakatia wazee tiketi za ng'ambo kwa pointi mlizolimbikiza katika mashirika ya ndege, mwaweza kurefusha kituo cha njiani. Kwa desturi, kisipozidi saa 24 huhesabiwa kuwa ni kupita tu. Kikizidi, mashirika mengine huongeza pointi au hukataa. Hivyo apitaye Istanbul hupata nafasi ya kuuzuru msikiti wa Süleymaniye, uliomalizika mwaka 1557. Naye yungali msafiri: sala ya rakaa nne aweza kuipunguza iwe mbili, akimfuata imamu mkazi, huitimiza.

Lakini twawausia: ulizeni kwanza viza na malazi, kisha takeni radhi ya mzazi. Matembezi yenu hayana baraka ikiwa mama amekesha kitini uwanjani. Wabillahi tawfiki.