Safari Hukumbukwa kwa Ilivyoisha

Mtu aliyepanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu atakusimulia jua lilivyochomoza nyuma ya Mawenzi. Mbane kidogo, ndipo atakapoutaja usiku uliotangulia: kuamshwa kwenye kambi ya Kibo karibu na saa sita, baridi, kichefuchefu, kichwa kinagonga, kila hatua na pumzi zake. Ukihesabu saa, mateso yalikuwa mengi kuliko raha, kwa kuwa pale mita 5,895 juu ya usawa wa bahari hakuna anayekaa sana. Hata hivyo yeye atakwambia ilikuwa safari ya maisha yake.

Hadanganyi. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu watumbukize mkono kwenye maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Katika zamu nyingine walikaa sekunde 60 zilezile, kisha wakaongezewa 30 huku maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15, baridi ambayo bado inauma. Walipoulizwa wangependa kurudia zamu ipi, wengi walichagua ile ndefu. Walikubali maumivu zaidi kwa sababu tu yaliishia na nafuu kidogo. Kumbukumbu haijumlishi dakika. Hushika pale palipouma au kupendeza kupita kote, na namna jambo lilivyoisha.

Ugeni nao una kazi yake. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuhifadhi matukio, huamshwa sana na mambo mapya na mahali papya. Siku nne za Lamu hupita upesi ukiwa kule, lakini ukisharudi huonekana ndefu kuliko wiki mbili za ofisini. Kule kila kichochoro kilikuwa na jambo lake. Ofisini Jumanne na Jumatano zimeshaingiliana na huwezi kuzitenganisha.

Je, furaha yenyewe hudumu? Utafiti wa Jeroen Nawijn na wenzake nchini Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watu wazima 1,530, ulitoa jibu ambalo mawakala wa utalii hawawezi kulibandika ukutani. Waliokuwa wakijiandaa kwenda likizo walikuwa na furaha kuliko wasiokwenda popote. Waliporudi, tofauti hiyo haikuonekana tena, isipokuwa kwa wale waliosema likizo yao ilikuwa tulivu sana. Sehemu kubwa ya raha ilikuwa kwenye kuisubiri safari.

Kwa mizani hiyo, safari zetu za Desemba tunaziharibu wenyewe. Tiketi ya basi inasakwa siku moja kabla, kwa bei ya mlanguzi, kwa hiyo hakuna kusubiri kwa raha, ni wasiwasi mtupu. Siku za nyumbani zinaliwa na vikao vya ukoo. Kisha tunarudi Dar usiku kucha, tunashuka alfajiri na kupitiliza kazini. Baada ya hapo tunalalamika kwamba likizo haikutosha! Kukata tiketi mapema na kurudi siku moja kabla ya kazi kungesaidia kuliko kuongeza siku mbili za kukaa.

Haya yote yanamhusu mtu aliyechoka. Mwenye sonona ni suala jingine, na hapa ndugu hukosea kwa nia njema wanapomwambia akabadilishe hewa. Sonona huondoa uwezo wenyewe wa kufurahia. Unampeleka ufukweni, anaona wenzake wanacheka, anajilaumu kwa kutocheka, tena yuko mbali na daktari wake na pengine dawa zimesahaulika nyumbani. Kwa mwenye maradhi ya hisia kupanda na kushuka, hata kukosa usingizi kwa safari ndefu ya ndege kunaweza kumwamshia ugonjwa.

Huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, na mtu havutiwi tena na alivyovipenda, apelekwe kwanza kituo cha afya. Habari ya tiketi mkaijadili na daktari.