Kuhesabu Siko Kusoma

Yapo mazoea ya kumpima mtaalamu kwa idadi ya maandiko yake na mara alizonukuliwa na wenziwe. Hesabu hiyo ina manufaa yake, lakini peke yake si mizani ya haki.

Tumtazame Yoshinori Ohsumi wa Japani. Mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 43, alianza kuchungua kwa hadubini jinsi seli ya hamira iliyonyimwa chakula inavyojila sehemu zake ili iishi. Wachache mno walijishughulisha na jambo hilo. Mwaka 1993 yeye na mwenzake walitangaza, katika makala fupi, jeni 15 zinazohusika na kazi hiyo. Leo watafiti wa saratani na maradhi ya ubongo hutegemea msingi huo, na mwaka 2016 Ohsumi alitunukiwa Nobel.

Lau angalipimwa mapema kwa hesabu tu, huenda angalifungiwa mlango. Azimio la San Francisco, lililoanzia katika mkutano wa wanabiolojia wa seli mwaka 2012, lahimiza kazi ipimwe kwa yaliyomo, si kwa sifa ya jarida lililoichapa. Wenye dhamana ya fedha za utafiti hawana budi kusoma kwanza, ndipo wahesabu.