Home au Pro? Kuchagua Toleo la Windows kwa Kompyuta ya Nyumbani

Mfumo endeshi ndio programu inayozisimamia nyingine zote katika kompyuta. Hugawa kumbukumbu, husoma diski, hutambua kibodi na printa, na kuzipa programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Katika kompyuta nyingi za nyumbani mfumo huo ni Windows ya kampuni ya Microsoft. Lakini kila kizazi cha Windows huuzwa katika matoleo kadhaa yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa uwezo, bei na masharti ya leseni. Asiyezijua tofauti hizo hulipia vitu asivyovihitaji, au hubaki na mfumo asio na haki ya kuutumia.

Mgawanyo huo ulimfikia mtumiaji wa nyumbani waziwazi mwaka 2001, Windows XP ilipotoka ikiwa na toleo la Home na la Professional. Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ilikuja na matoleo sita: Starter, Home Basic, Home Premium, Business, Enterprise na Ultimate. Starter, lililolenga masoko ya nchi zinazoendelea, liliruhusu programu tatu tu kufunguliwa kwa wakati mmoja. Kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 orodha ilipunguzwa, na katika Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, mtu wa nyumbani huchagua hasa kati ya mawili: Home na Pro.

Home lina karibu kila kitu ambacho familia hukihitaji. Programu za kuandikia, kuvinjari intaneti, kutazama filamu, kupiga simu za video na kucheza michezo hufanya kazi ndani yake sawasawa na ndani ya Pro. Kinga dhidi ya virusi ya Microsoft Defender ni ileile, ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni ni uleule, na masasisho ya usalama hutoka siku ileile. Kasi nayo haitofautiani: kompyuta nzito haiwi nyepesi kwa sababu imewekewa Pro. Ukomo wa Home ni kumbukumbu (RAM) ya GB 128 na prosesa moja. Pro hufika TB 2 na prosesa mbili, viwango vya mashine za kitaalamu ambazo ni nadra kuonekana sebuleni.

Linaloongezwa na Pro limekusudiwa ofisi. La kwanza ni kuiunganisha kompyuta na mtandao wa taasisi, ili wasimamizi waidhibiti kutoka mahali pamoja na kuipangia kanuni za matumizi. La pili ni Remote Desktop: kompyuta yenye Pro inaweza kufunguliwa na kutumiwa kutoka kompyuta nyingine iliyo mbali, ilhali yenye Home inaweza kuifungua nyingine lakini yenyewe haifunguliwi kwa njia hiyo. La tatu ni Hyper-V na Windows Sandbox, vyombo vya kuendeshea mfumo mwingine ndani ya mfumo, ambavyo huwafaa waandika programu na wanaojaribu mafaili wanayoyatilia shaka. La nne ni uwezo wa kuahirisha masasisho makubwa hadi siku 365.

La tano ndilo linalostahili kufikiriwa zaidi na mtu wa kawaida, nalo ni BitLocker. Hii hugeuza yaliyomo kwenye diski kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, hata mwizi akiichomoa diski na kuipachika kwenye mashine nyingine. Home halina BitLocker kamili, lakini kompyuta nyingi za sasa zenye Home huwa na kinga ya diski iliyo nyepesi zaidi, ambayo huwashwa mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Katika hali zote mbili kuna ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Akaunti ikisahauliwa na ufunguo ukapotea, mafaili hayarudi. Ni wajibu wa mwenye kompyuta kuuandika na kuuhifadhi mbali na kompyuta yenyewe.

Baadhi ya nyongeza hizo zina mbadala usio na gharama. Programu kama AnyDesk humwezesha mtumiaji wa Home kuifikia kompyuta yake kutoka mbali kwa matumizi binafsi, na VirtualBox huendesha mfumo wa pili ndani ya ule wa kwanza. Kwa bei za Marekani, Microsoft imekuwa ikiuza Home kwa dola 139 na Pro kwa takriban dola 200, na kupanda kutoka Home hadi Pro kumekuwa kukigharimu dola 99. Kwa kompyuta yenye RAM ya GB 4 au diski ya zamani ya kuzunguka, fedha hizo zikinunua RAM na diski ya SSD zitaleta tofauti ambayo Pro haiwezi kuileta.

Yapo matoleo mengine ambayo mnunuzi hukutana nayo. Home Single Language huja tayari ndani ya kompyuta mpakato za bei nafuu na hufungwa kwenye lugha moja ya maonyesho. Hali ya S huruhusu programu za duka la Microsoft pekee. Kutoka humo ni bure, lakini hakuna kurudi. Toleo lenye herufi N halina vipengele vya muziki na video, na lilizaliwa na uamuzi wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2004 dhidi ya Microsoft. Education na Enterprise ni ya shule na mashirika, na leseni zake hazikusudiwi kuuzwa kwa mtu mmojammoja.

Suala la leseni ndilo linaloamua mambo Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi za nyumbani ni za mtumba zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo. Tangu enzi ya Windows 8, watengenezaji wengi huhifadhi ufunguo wa leseni ndani ya ubao mkuu wa mashine. Fundi akiweka upya Windows ya toleo lilelile, mashine hujithibitisha yenyewe ikipata intaneti, bila malipo mapya. Akiweka Pro kwenye mashine yenye leseni ya Home, haithibitishwi. Hapo ndipo huingizwa programu za kuchakachua leseni, ambazo mara nyingi hutaka kinga ya virusi izimwe kwanza na ambazo zimekuwa mlango wa wezi wa manenosiri. Funguo za bei ya kutupa mtandaoni nazo mara nyingi zimechotwa kwenye leseni za mashirika, na zinaweza kufutwa wakati wowote. Katika Windows 11, mnunuzi akifungua Settings, akaingia System kisha Activation, ataona toleo lililomo na kama limethibitishwa. Ukaguzi huo ufanywe dukani, kabla ya kulipa.

Baada ya toleo huja umri wa mfumo. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watu binafsi uliwekewa mwisho wa Oktoba 2026. Windows 11 hudai prosesa ya biti 64, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa mashine za Intel, kwa kawaida huanzia prosesa za kizazi cha nane. Kompyuta ya mtumba iliyo chini ya hapo haifai kununuliwa kwa matarajio ya Windows 11, hata kama imebandikwa kibandiko cha Pro.

Kwa mashine hizo kongwe ipo njia halali: mfumo endeshi wa Linux, wenye matoleo yake. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint hupatikana bure. Ubuntu 24.04 ina masasisho ya miaka mitano, na Mint yenye sura nyepesi ya Xfce huendeshwa vizuri na kompyuta zenye nguvu ndogo. Zote huvinjari intaneti na kuandika nyaraka bila taabu, ingawa programu zilizoundwa kwa ajili ya Windows pekee, pamoja na baadhi ya michezo, huenda zisifunguke.

Kwa hiyo, Home halali lenye masasisho linazitosha nyumba nyingi. Pro linunuliwe pale kazi inapodai BitLocker kamili, Remote Desktop au mtandao wa ofisi, na likija tayari na leseni yake ndani ya kompyuta ya mtumba lipokewe lilivyo. Mashine isiyoweza kubeba Windows inayosasishwa iwekewe Linux. Toleo lililochakachuliwa likataliwe, hata likitolewa bure.