Eropleni za Kiti Kimoja Zijengwazo Nyumbani: Yawapasayo Askari Kuyajua

Apitaye barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, akifika pande za Bugarama, huona miteremko ya Mumirwa kushotoni ikimsogeza karibu na maji ya Tanganyika. Kando ya ziwa hili mafundi huunda mashua za mbao: mbavu kwanza, kisha ubao juu ya mbavu. Fundi wa namna hiyo akionyeshwa bawa la eropleni ndogo lililovuliwa kitambaa chake, hatashangazwa na umbo lake, maana ataona mbavu na boriti kama azijuavyo. Atakaloshangaa ni wepesi wake. Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi juu ya eropleni ambazo mtu huzijenga mwenyewe nyumbani kwake, zenye kiti kimoja tu. Siku mojawapo ikionekana ufukweni, atakayeitwa kwanza ni askari, si mhandisi.

Ziwa letu si geni kwa kuunganisha ndege. Mwaka 1916 Wabelgiji waliletewa ndege nne za majini aina ya Short, walizopewa na Uingereza. Zilisafiri vipande vipande kwa meli, kwa mashua za mto Kongo na kwa treni, zikaunganishwa ng'ambo ya ziwa, kwenye maji yaliyotulia ya Tungwe, karibu na Mtoa. Mwezi Mei ya kwanza iliruka. Tarehe 10 Juni rubani Aimé Behaeghe, pamoja na mwenzake Collignon, alikwenda kudondosha mabomu Kigoma, ilikokuwa meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Ndege hizo zilitoka kiwandani, na zilibeba watu wawili. Lakini zinatufundisha kwamba ndege ni kitu kiwezacho kufunguliwa na kufungwa kwa mikono ya mafundi, mbali na kiwanda.

Mfaransa Henri Mignet aliendelea mbele zaidi. Mwaka 1933 alirusha ndege yake iitwayo Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kuijenga. Ilikuwa ya mbao na kitambaa, yenye injini ndogo ya nguvu za farasi 17 hivi, haina pedali, rubani akiiongoza kwa fimbo moja tu. Watu katika Ufaransa na Uingereza wakashika misumeno. Kisha zikaanza kuanguka. Rubani alipoinamisha pua kupita kiasi, ndege haikuinuka tena, hata akivuta fimbo kwa nguvu zake zote, ikaenda hivyo hivyo hadi ardhini.

Chanzo hakikuwa uzembe wa marubani. Ndege hiyo ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele na jingine nyuma, na yalikaa karibu mno. La mbele lilikuwa juu ya bawaba. Fimbo ikivutwa, liliinua uso wake kuukabili upepo. Pua ikiwa imeinama sana, kuliinua bawa hilo kuliuharakisha upepo juu ya bawa la nyuma, nalo likapata nguvu ya kuinua mkia. Mkia ukipanda, pua yazidi kushuka. Dawa ikawa ndiyo sumu. Hayo yalithibitishwa kwa kuiweka ndege nzima mbele ya mashine kubwa za kupuliza upepo, Farnborough katika Uingereza na Chalais-Meudon katika Ufaransa. Mwaka 1936 Uingereza ikazizuia kuruka. Twasema wazi kwamba Mignet hakuwa laghai: aliiendesha yake mwenyewe, na baadaye akairekebisha. Ila watu walikuwa wamekwisha kufa.

Baada ya hapo kazi hii ilipata adabu. Ubelgiji ilitoa Tipsy Nipper mwaka 1957, na mwaka 1973 ikaruka Cri-Cri ya Mfaransa Michel Colomban, ambayo tupu haifiki kilo 80. Marekani huruhusu ndege ya namna hii ikiwa mjenzi amefanya zaidi ya nusu ya kazi kwa kujifunza au kujifurahisha, nayo hukaguliwa, kisha hurushwa kwa saa za majaribio mbali na miji. Kenya nako wako waliojifundisha wenyewe na kujaribu kwa injini za magari. Baadhi ya ndege zao hazikupata kuondoka chini. Injini ya gari ni nzito, na uzito ukikaa mahali pasipofaa hauna msamaha. Ndiyo maana mkaguzi huweka mizani chini ya kila gurudumu kabla ya kuuliza lolote juu ya rangi.

Hapa petu kuna jambo la zaidi. Ziwa li mita 770 na kitu juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa ya ufukweni hupungua uzito, ndege ikajiona kama iko mita 1,500. Injini hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na mbio za kurukia hurefuka. Mbele ni maji, nyuma ni milima. Mahali pa kutua kwa dharura ni pachache.

Basi askari afanye nini? Akimkuta kijana uani na mabawa ya mbao, asimkamate kama mwenye silaha. Na amwambie asiruke, kisha aiarifu mamlaka ya usafiri wa anga, iliyo na wakaguzi. Injini ikiwashwa, awaweke watoto mbali na rafadha, maana ikizunguka haionekani.

Ikiwa tayari iko angani, isipigwe risasi. Baada ya ndege ya abiria ya Korea kuangushwa Septemba 1983, watu 269 wakafa, mataifa yaliongeza mwaka 1984 kifungu katika Mkataba wa Chicago, nacho kilianza kutumika mwaka 1998: nchi ijizuie kutumia silaha dhidi ya ndege ya kiraia iliyo angani. Nchi yaweza kuiamuru itue. Hiyo ni haki yake.

Na ikianguka, kwanza ni kumwokoa rubani, hali sigara zote zimezimwa, maana petroli hudondoka. Kisha vipande viachwe vilipo, hata kile kilichorukia shambani mwa mtu mbali na vingine, na askari akae navyo usiku kucha mpaka mkaguzi afike.